Waridi Lililolelewa na Benchi Zima

Nilikuwepo. Naanza na hilo mapema, asije mtu akasema habari hii ilipita midomo sita kabla ya kunifikia. Haikupita popote. Mimi mwenyewe, kwa macho haya mawili, moja zima na jingine la kulisaidia, niliona kila kitu tangu siku kopo lilipoletwa mpaka siku swali lilipoulizwa. Shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe iliniacha, lakini macho hayaendi shule. Benchi lipo pembeni mwa njia, chini ya kibaraza cha bati cha fundi cherehani, na mimi hukaa mwisho, pale ubao ulipopasuka na kuwabana wageni. Mwenye kibaraza tunamwita Futi, kwa kuwa utepe wa kupimia haumtoki shingoni. Karibu naye hukaa Soli, mshona viatu, ambaye ulimi wake hutoboa kabla ya sindano yake. Halafu Redio, fundi wa redio na kila chenye waya, mtu anayeipata habari kabla haijatokea. Halafu Dokta, aliyefagia hospitali miaka ishirini na miwili akastaafu na maarifa yote ya madaktari isipokuwa yale ya kweli. Na anayetukusanya ni Shangazi, muuza kahawa, mwenye birika moja, vikombe vinane na subira ambayo sijaona mwisho wake.

Asubuhi hiyo Shangazi ndiyo kwanza alikuwa anapuliza mkaa. Futi akatoka chumbani kwake amebeba kopo kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto wa watu amshike. Kopo la rangi, limesuguliwa likang'aa, limejaa udongo, na katikati ya udongo kijiti cha urefu wa kalamu chenye majani mawili kileleni.

— Haya, leo fundi ameanza kushona fimbo, Soli akasema bila kuinua kichwa kwenye kiatu.

— Ni waridi.

— Waridi lisilo na ua? Hiyo si ni harusi isiyo na bibi harusi?

— Soli, Shangazi akasema, hebu mwangalie mwenzio usoni.

Soli akamwangalia. Akaweka kiatu chini.

Futi si mtu wa maneno mengi. Akiongea sana ujue ana pini mdomoni na hujamsikia vizuri. Lakini siku ile alieleza. Lile waridi la uani, linaloegemea ukuta wa nyuma, wote tulilijua, hata wasiowahi kuingia uani walilijua kwa harufu. Mkewe ndiye aliyelipanda, miaka kumi na tisa iliyopita. Bibi harusi mmoja alirudisha gauni lipunguzwe kiuno, ua likiwa bado limebanwa kifuani, limenyauka kama uso wa mwenye deni. Mke wa Futi akalikata kichwa, akachomeka kijiti chake kando ya ukuta, na kijiti kikawa mti. Sasa mama yule ana mwaka na miezi minne kaburini. Na uwanja wa nyuma umeuzwa. Mwenye mali mpya anataka kujenga ghala, na baada ya wiki sita ukuta utaangushwa pamoja na chochote kilichouegemea.

— Binti yangu amepata nyumba yenye kiwanja, Futi akasema. Kanipigia simu. Kaniambia, "Baba, vyombo vya mama wagawie majirani. Mimi niwekee waridi tu."

— Si uling'oe lote? Redio akauliza.

— Mizizi imeingia chini ya msingi. Nimejaribu na sururu. Ukilivuta, unavuta nyumba.

— Basi kata vijiti mia.

— Nimeshapanda viwili. Vimeoza vyote. Kabla ukuta haujaanguka nataka nione kimoja kimeshika, Redio. Kimoja tu. Ukuta ukishaanguka, sina pa kukata kingine.

— Marehemu alifanyaje? Shangazi akauliza polepole.

Futi akauvuta utepe wake shingoni, akausoma kama vile jibu limeandikwa kwenye sentimita ya arobaini.

— Sikumuuliza. Mtu hamuulizi mkewe mambo ya maua, Shangazi. Humuuliza chumvi iko wapi.

Shangazi akammiminia kikombe ambacho hakukiagiza.

Basi kopo likawekwa kwenye benchi, kati ya Futi na Soli, kwa sababu uani jua ni kali na pale kibarazani lipo la asubuhi tu. Likawa mwanachama. Mgeni akitaka kukaa anaambiwa, sogea huko, hapo pana mtu.

Na wewe unalijua benchi letu. Ukileta mgonjwa, hupati mganga mmoja.

— Kijiti ni mgonjwa aliyetoka chumba cha upasuaji, Dokta akatangaza siku ya pili. Amekatwa, amepoteza damu. Anahitaji dripu. Maji, chumvi kidogo, sukari kijiko kimoja.

— Sukari utaleta sisimizi, Shangazi akasema.

— Sisimizi ni wauguzi. Wanapita wodini kuangalia. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Maji ndiyo yaliyoua vile viwili, Redio akasema. Tatizo hapa ni mawimbi. Mzizi unapotaka kutoka haujui chini ni wapi. Giza, bwana! Unachomeka waya wa shaba, mzizi unaufuata kama mtu anavyofuata reli. Mjomba wangu alisahau bakora yake imechomekwa shambani, pembeni kuna nyaya za umeme. Alipomaliza kunywa chai ilikuwa na matawi. Jioni ilibidi akodi mkokoteni kuirudisha nyumbani.

— Hiyo si kitu, Soli akasema. Baba mkwe alichomeka mpini wa ufagio. Mwaka ule tulivuna mafagio sitini na makoleo mawili.

— Unanicheka?

— Nikucheke wewe? Nauonea huruma ule mkokoteni.

— Mimi naona kikunjwe kidogo, Dokta akarudi. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

— Gusa uone! Futi akasema, na mkono wake ukawa tayari juu ya kopo.

Shangazi hakutoa nadharia. Alikata kitako cha chupa ya plastiki, akakifunika kijiti kwa hiyo chupa, akasema kina baridi. Hilo peke yake lilikuwa la maana, ingawa sababu ni unyevu, si baridi. Kesho yake Dokta alimwaga dripu yake mpaka jani kavu la mti mwingine likaelea juu ya udongo, akaliangalia kwa fahari, akasema, "Ukiona vyaelea vimeundwa." Futi akamwaga maji yale kwa uchungu, akaunyooshea udongo kidole kama anamkanya mtoto, na akaanza kulala na kopo kando ya cherehani.

Wiki ya pili, alfajiri moja, Futi aliamka akakuta majani mawili yamedondoka. Kijiti kimebaki kitupu, cha kahawia, kama kiberiti kilichotumika. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, akakitazama muda mrefu. Halafu alifikiria benchi. Alimfikiria Shangazi, ambaye kila akifika, kabla hajatua birika, hutupa macho kwenye kopo. Alimfikiria Redio, aliyewaambia wateja wake wote. Angewaambia nini? Kwamba amemwacha mkewe afe mara ya pili, na safari hii kwenye kopo la rangi?

Akachukua mkasi wa kitambaa, akaenda uani, akakata kijiti kingine cha urefu uleule, chenye majani mawili vilevile. Kile cha zamani akakitupa kwenye jalala la pembeni. Kulipokucha alitoka na kopo, uso umenyooka kama uliopigwa pasi.

— Ona kinavyopendeza! Shangazi akasema. Leo kina rangi kuliko jana.

— Ni waya, Redio akasema. Niliuchomeka jana mkiwa hamnioni.

Futi akanywa kahawa yake, ikampitia kooni kama ya moto ingawa ilikuwa imepoa. Mtaniuliza nilijuaje kilichokuwa kooni mwake. Nilikaa karibu.

Kuanzia usiku ule Futi, kwa aibu, aliliacha kopo kibarazani, na tangu siku ile kijiti kile kilikuwa maajabu. Hakikunyauka tena. Jumatatu kibichi, Alhamisi kibichi, Jumapili ndiyo usiseme. Wapita njia walianza kusimama. Dokta alimwambia mama mmoja aliyeleta suruali kwamba benchi letu limegundua dawa, na mama yule akaondoka na sukari ya Shangazi kwenye karatasi. Kitu kimoja tu kilimsumbua Futi. Kijiti kilikuwa kibichi, lakini hakikui. Wiki ya tatu majani mawili. Wiki ya tano majani mawili.

— Kinajipanga, Redio akasema. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Chini huko kuna mizizi ya kutisha.

— Tukivute kidogo tuone? Dokta akanong'ona.

— Mkivute, Soli akasema, halafu na mimi nikuvute wewe ulimi nione kama umeota mizizi, maana haujapumzika tangu juzi.

Soli, katika yote haya, hakuweka mkono kwenye kopo hata mara moja. Alikuwa wa kukebehi tu. Alilipa jina, "Mheshimiwa Kopo." Siku nyingine Futi alimwonea uchungu, akiwaza kwamba watu wawili wanaweza kukaa benchi moja miaka kumi, kumbe mmoja wao hana moyo.

Zikabaki siku nne ukuta uanguke, na binti akatuma ujumbe kwamba kesho yake atafika. Futi akaenda uani kuliaga waridi. Na mimi nilikuwa wapi? Nyuma ya tangi la maji, kwa shughuli zangu. Nilimwona alivyosimama. Hakuwa ametazama waridi lile vizuri kwa wiki tatu, kwa aibu. Sasa akalitazama. Lilikuwa limenyolewa. Matawi yote ya chini yalikuwa visiki, na yeye alikata kijiti kimoja tu.

Akadhani wezi wa maua. Akainama, akashika kisiki cha kwanza, na hapo ufundi ukamsaidia, maana mtu aliyekata kitambaa miaka thelathini husoma mkato kama wengine wanavyosoma gazeti. Huu ulikuwa wake: mshazari, safi, wa mkasi mrefu. Huu wa pili ulikuwa umebanwa pande zote mbili kabla ya kukatika. Koleo. Koleo la kukatia waya. Wa tatu mwembamba, umenyooka kabisa, wa wembe. Na kando ya wembe, uzi mweupe wa bendeji, kwa kuwa Dokta alikuwa amekifunga kidonda. Wa nne umesagwasagwa kwa kisu butu, kisu cha kukatia tangawizi ya kahawa. Na mikato ile haikuwa minne. Koleo tatu. Wembe nne. Kisu cha tangawizi mara mbili.

Futi akakaa chini, hapohapo kwenye udongo, na suruali yake ya kazi.

Akawaona wote. Redio akipita uani alfajiri, akisema amekuja kuangalia fyuzi. Dokta akiacha kofia yake kila siku ili apate sababu ya kuirudia. Shangazi, na mguu ule unaomuuma, akizunguka nyuma ya nyumba gizagiza na kisu chini ya kanga. Kila mmoja amekuta majani yamedondoka. Kila mmoja amejiambia, Futi asije akaona.

Mimi niliwaona wakati wenyewe, mmoja mmoja, na sikusema kitu. Mpelelezi hanywi kahawa kijiweni kwetu.

Kesho yake binti akafika. Mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwalimu wa chekechea, ana sauti ya mtu aliyezoea kuongea na watu wafupi. Alimkumbatia baba yake muda mrefu mpaka utepe ukawafunga wote wawili. Akawaamkia wazee, akamshika Shangazi mikono, akapewa kikombe. Halafu akaliona kopo.

Akapiga magoti mbele yake, akainua chupa, akayagusa majani mawili kwa kidole kimoja.

— Hiki ndicho?

— Ndicho, mwanangu, Redio akasema kwa haraka. Kibichi tangu mwanzo! Hakijawahi kuumwa.

Binti akaligeuza kopo upande mmoja, akaligeuza upande wa pili, anatafuta kitu.

— Watoto wangu darasani wakipanda maharage huwa tunaandika tarehe kwenye kopo, maana wasipoandika wanayafukua kila asubuhi. Hapa sioni tarehe. Kwani hiki mmekipanda lini?

Swali ndilo hilo. Mtoto wa miaka mitano angelijibu.

Dokta akavua kofia, akaangalia ndani yake. Redio akaanza kutafuta kitu mifukoni, akakipata, akakirudisha. Shangazi aliinua birika akamimina kahawa kwenye kikombe kilichokuwa kimejaa, ikamwagikia mkononi, wala hakushtuka.

— Lini? binti akauliza tena, akicheka kidogo. Wiki ya ngapi hii?

Futi akawatazama wenzake. Aliujua mkato wa kila mmoja, na angeweza kuwataja. Badala yake akapiga magoti kando ya binti yake, magoti yakalia kama bawaba.

— Sijui, mama. Kile cha kwanza kilipukutika, nikakibadilisha. Nilikibadilisha usiku kama mwizi. Nikawadanganya wenzangu hawa wote, waliokihudumia kwa moyo. Kosa ni langu.

— Wewe mara moja, Futi, Shangazi akasema. Mimi mbili.

— Mimi... tatu, Redio akasema. Ya tatu ilikuwa juzi.

— Wagonjwa wanne, Dokta akasema ndani ya kofia. Niliwapoteza wanne.

Binti akahesabu kwa vidole, kama anavyowafundisha wale wake. Akaangalia kijiti. Kilikuwa na siku mbili. Tatu, ukiwa na huruma. Akafungua mdomo acheke, na kicheko kikaja na machozi pamoja, akawa hajui akishike kipi.

— Lakini kupukutika si kufa, akasema. Waridi likikatwa huangusha majani, likabaki hivyo wiki nzima, mbili, linatafuta mizizi. Mngekiacha tu... Vile vya zamani mlivitupa wapi?

— Jalalani, wakasema wote kwa pamoja.

Hapo ndipo Soli alipokohoa.

Alivuta boksi lake la zana, akaingiza mkono nyuma yake, penye giza, penye viatu ambavyo wenyewe hawakurudi, akatoa gambuti moja la mpira, la mguu wa kushoto, kisigino kimetoboka. Limejazwa udongo mpaka shingoni. Juu ya udongo vijiti kama saba vikavu, vimechomekwa ovyo. Na cha nane, cha kahawia kama vingine, kina machipukizi mawili mekundu, membamba, yanang'aa kama vidole vya kichanga.

— Nilikuwa natupa vipande vya ngozi, Soli akasema, macho yake kwenye gambuti. Nikakiona kimelala jalalani. Halafu kesho kutwa kingine. Sasa mnataka niseme nini? Yule marehemu ni shemeji yangu. Kanishonea kola ya shati la harusi yangu kwa mkono wake. Nimwache jalalani na maganda ya ndizi?

— Ukakimwagilia nini? Dokta akauliza kwa mnong'ono.

— Sijakimwagilia kitu. Maji ya kulowekea ngozi yakinidondoka, yamedondoka. Nilikuwa naona haya kulitoa, mngenicheka.

Binti akalipokea gambuti. Akalinyanyua juu kidogo alitazame chini, na sisi wote tukainama pamoja naye, vichwa vikagongana. Kwenye tundu la kisigino, ukiwa mweupe, mnene kama uzi wa kushonea jinzi, ulikuwa umechungulia mzizi.

Hakuna aliyeugusa. Redio aliweka mikono yake miwili nyuma, akaishika yeye mwenyewe.

— Baba, binti akasema. Umeshika.

Futi alitaka kusema neno, lakini wakati huohuo upepo ukavuma kutoka njiani ukaleta vumbi, likamwingia kwenye macho yote mawili, akawa anayafuta kwa ncha ya utepe wake, anayafuta na kuyafuta, na Soli akamwekea mkono begani akimwambia vumbi la mtaa huu limezidi, kweli limezidi.

Basi, hivyo ndivyo ilivyokuwa, na nimekupa yote bila kupunguza. Gambuti liliondoka na binti siku ileile, amelipakata kwenye kiti kama mtoto. Na kwa kuwa mimi ni mtu mkweli kuliko wote wa benchi lile, nitakiri jambo moja. Ule upepo haukuwepo. Hakuna hata karatasi iliyotikisika njiani siku ile. Upepo nimeutia mimi, kwa sababu Futi ni rafiki yangu.